Namna ya kufuata ukoo kwenye riwaya za kale za Waingereza

Kwanza shika peni na karatasi, maana hawa watu majina wanarithishana hadi kichwa kinauma. Wuthering Heights (1847) kuna Catherine mama na Catherine binti, na Linton ni jina la ukoo kwa huyu, jina la kuzaliwa kwa yule. Usiandike majina matupu, andika kama tunavotajana hapa Lamu, mtoto wa ami (kaka wa baba), wa khalati (dada wa mama), wa shangazi, wa mjomba. Hapo ndo unaona Cathy binti kaolewa na mtoto wa shangazi yake, yule akafa, akaja akapendana na Hareton ambae ni mtoto wa mjomba!

Na usikimbilie kusema aibu. Kanisa la Anglikana lilikuwa halikatazi binamu, Queen Victoria mwenyewe 1840 kaolewa na Albert, mtoto wa mjomba wake. Walochokataza ni kuoa ndugu wa mke alokufa, hiyo sheria yao imekuja kuruhusu 1907, na huku kwetu mke akifa mdogo wake ndo mara nyingi anatajwa mwanzo, akalee watoto.

Ukishachora, tazama nyumba inaenda kwa nani, hapa ndo penye utamu. Hapa Lamu, mtaa wa Mkomani, binti akiolewa wazee walikuwa wakimpa nyumba ama wanamjengea ghorofa juu yao, mume ndo anahamia. Sasa Pride and Prejudice (1813) mzee Bennet ana mabinti 5 na hakuna hata mmoja wa kuipata nyumba, imefungwa kwa mwanamume wa ukoo, na huyo ni Collins, kwa hivo Collins akija kumposa Elizabeth mama mtu anaona kheri imeingia mlangoni, binti akikataa nyumba nzima inawaka moto. Mi Collins simpendi hata kidogo, mdomo mwingi, ila kwa hesabu za mama yule posa ilikuwa na maana. Humo humo kuna Lady Catherine, khalati wa Darcy, yule anaekuja kumuoa Elizabeth, nae kashampangia Darcy binti yake tangu wachanga, mama zao ni ndugu.

Mansfield Park (1814) isome kwa jicho lingine. Fanny hana mali, kaletwa mdogo kulelewa kwa khalati yake, na khalati mwingine, Mrs Norris, anaapa kabisa kuwa watoto wakikulia pamoja kama ndugu hawawezi kuoana. Mfuatilie huyo bibi, maana Edmund, mtoto wa yule khalati mlezi, na Fanny mwishoni wameoana.