Medicare kwa anayekaribia kustaafu Marekani: tarehe kwanza, mpango baadaye

Pensheni ya Social Security na Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, haziji kwa umri mmoja, na hapo ndipo wengi wetu tunaofanya kazi Marekani tunapojikwaa. Aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye hupata pensheni kamili anapotimiza miaka 67, ilhali Medicare, ambayo sheria yake ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 30 Julai 1965, humfungukia mtu akiwa na miaka 65, awe amestaafu au bado anaamka alfajiri kwenda kazini. Anayesubiri vyote viwili vije pamoja anaweza kutozwa adhabu ambayo, kwa upande wa Sehemu B (ile ya madaktari na vipimo), humfuata maisha yake yote. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na tarehe, na habari za kuchagua mpango zitafuata, ingawa mawakala wa bima wangependa mazungumzo yaanzie kwenye mpango.

Kipindi cha kwanza cha kujiandikisha kina miezi 7: miezi 3 kabla ya mwezi unaotimiza miaka 65, mwezi wenyewe, na miezi 3 inayofuata. Ukijiandikisha katika miezi 3 ya mwanzo, bima huanza siku ya kwanza ya mwezi wako wa kuzaliwa. Ukijiandikisha baada ya hapo, huanza mwezi unaofuata. Aliyeanza kupokea pensheni ya Social Security angalau miezi 4 kabla ya kutimiza miaka 65 huandikishwa bila kuomba na kadi humfikia kwa posta. Asiyeanza kuipokea lazima aombe mwenyewe, kwa tovuti ya ssa.gov, kwa simu au ofisini, wala asitegemee kukumbushwa.

Wenzetu waliopitia kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, wana jambo la ziada la kuangalia. Wengi wao waliandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa kwa kuwa tarehe halisi haikujulikana, na ofisi za serikali hufuata kilichoandikwa kwenye hati. Kanuni ya Medicare ni kwamba aliyezaliwa siku ya kwanza ya mwezi huhesabiwa mwezi mmoja nyuma, kwa hiyo anayetimiza miaka 65 tarehe 1 Januari anaweza kuanza bima tarehe 1 Desemba, na kipindi chake hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba na kufungwa mwisho wa Machi. Anayehesabu kama watu wengine atadhani bado anao mwezi wa Aprili, kumbe muda wake umekwisha.

Aliyekosa kipindi hicho bila sababu inayokubalika husubiri kipindi cha jumla, ambacho ni tarehe 1 Januari hadi 31 Machi kila mwaka, na ada yake ya Sehemu B huongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa. Kwa ada ya kawaida ya mwaka 2025, iliyokuwa dola 185 kwa mwezi, aliyechelewa miaka 3 alilazimika kuongeza dola 55 na senti 50 kila mwezi, na nyongeza hiyo hupanda kadiri ada yenyewe inavyopanda.

Wapo wanaoruhusiwa kuchelewa. Ikiwa wewe au mwenzi wako wa ndoa bado yuko kazini, na bima inatoka kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, unaweza kuiahirisha Sehemu B bila adhabu mpaka kazi au bima hiyo iishe, kisha unapewa miezi 8 ya kujiandikisha. Mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya 20 ni habari nyingine, kwa maana hapo Medicare ndiyo inayotakiwa kulipa kwanza, na bima ya kazini inaweza kukataa bili ambayo Medicare ingelipa kama ungekuwa umejiandikisha. Wengi wetu tunafanya kazi katika nyumba ndogo za kulelea wazee na kampuni za malori zenye madereva wachache, hivyo ni vyema kumuuliza mwajiri swali hili kwa maandishi na kuyahifadhi majibu. Siku ya kuacha kazi ikikaribia, mpe fomu CMS-L564 aijaze, kwani ndiyo inayothibitisha kwamba ulikuwa na bima kazini muda wote huo.

Katika eneo hili mtego mkubwa kuliko yote ni COBRA, yaani ile bima ya mwajiri wa zamani ambayo mtu huendelea kuilipia mwenyewe baada ya kuacha kazi. Kwa macho ya Medicare hiyo si bima ya mtu aliye kazini, na miezi 8 huanza kuhesabiwa tangu kazi ilipokwisha, si tangu COBRA ilipokwisha. Anayeweka fedha katika akaunti ya matibabu ya HSA naye aache kuchangia miezi 6 kabla ya kuomba Medicare baada ya miaka 65, kwa sababu Sehemu A, ile ya kulazwa hospitalini, hurudishwa nyuma hadi miezi 6 na michango ya kipindi hicho huleta matatizo ya kodi.

Sasa swali la nani anastahili. Sehemu A haina ada ya mwezi kwa mtu aliyelipa kodi ya Medicare kwa robo 40 za mwaka, sawa na miaka 10 hivi ya kazi. Mwaka 2025 robo moja ilipatikana kwa kila dola 1,810 za mapato, na huwezi kupata zaidi ya robo 4 kwa mwaka mmoja. Michango uliyotoa NSSF ya Kenya au ya Tanzania haiingii katika hesabu hii, na fedha za mkononi ambazo hazikutangazwa kwa mamlaka ya kodi haziingii pia, hata kama zilikutoa jasho. Mwenye upungufu anaweza kutumia robo za mwenzi wake mwenye umri wa miaka 62 au zaidi, mradi ndoa yao imetimiza mwaka. Asiye na njia hiyo hununua Sehemu A: mwaka 2025 mwenye robo 30 hadi 39 alilipa dola 285 kwa mwezi, na mwenye chini ya 30 alilipa dola 518. Ikiwa si raia, anayenunua hivyo lazima awe na ukaazi wa kudumu na awe ameishi Marekani miaka 5 mfululizo, jambo ambalo wanaowaleta wazazi wazee kutoka nyumbani hugundua baada ya tiketi kukatwa.

Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imebana zaidi. Kwa wageni wengi kutoka Afrika Mashariki na Kongo, sasa mlango wa Medicare ni uraia au kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu. Mkimbizi au aliyepewa hifadhi ambaye hajabadilisha hadhi yake hastahili tena, hata kama amefanya kazi miaka mingi, na waliokuwa tayari ndani walipewa miezi 18 tu tangu siku hiyo. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba kadi ya kijani baada ya kukaa nchini mwaka mmoja. Aliyekuwa akiahirisha ombi hilo kwa sababu halikuonekana kuwa la haraka anapaswa kulishughulikia kabla ya jambo jingine lolote lililoandikwa hapa.

Medicare yenyewe ina sehemu kadhaa. Sehemu A inahusu kulazwa hospitalini. Sehemu B inahusu madaktari, vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi, nayo kwa kawaida hulipa asilimia 80 ya bei iliyokubaliwa na kukuachia 20, bila kikomo cha mwaka. Sehemu D ni ya dawa, na mwaka 2025 iliwekewa kikomo cha dola 2,000 kwa fedha zinazotoka mfukoni mwa mgonjwa. Nayo ina adhabu yake kwa anayekaa siku 63 au zaidi mfululizo bila bima ya dawa inayokubalika. Meno, miwani, vifaa vya kusikilizia na kutunzwa nyumbani kwa muda mrefu kwa kiasi kikubwa haviko ndani.

Zile asilimia 20 ndizo zinazokulazimisha kuchagua. Njia ya kwanza ni kubaki na Medicare ya asili na kununua Medigap, bima ya nyongeza inayoziba pengo hilo. Ada yake inauma, lakini unatibiwa na daktari yeyote anayepokea Medicare popote nchini. Njia ya pili ni Medicare Advantage, ambapo kampuni binafsi inakuhudumia badala ya serikali, mara nyingi kwa ada ndogo au bila ada juu ya ile ya Sehemu B, pamoja na meno na miwani, ila unafungwa kwa orodha ya madaktari wake na huduma nyingi huhitaji kibali kabla. Matangazo ya televisheni ya kila vuli huisifu njia hii kwa nguvu. Mimi ningeitazama kwanza Medigap, kwa sababu moja: katika miezi 6 tangu Sehemu B ianze ukiwa na miaka 65 au zaidi, kampuni haziruhusiwi kukukataa kwa ugonjwa wowote, na baada ya hapo, katika majimbo mengi, zinaweza kukukataa. Kutoka Medigap kwenda Advantage ni rahisi kila mwaka kati ya tarehe 15 Oktoba na 7 Desemba, lakini kurudi si rahisi hivyo, hasa kwa mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo.

Mwenye kipato kidogo asilipe chochote kabla ya kuuliza jimbo lake kuhusu Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na mipango inayolipia ada ya Sehemu B, na Social Security kuhusu msaada wa dawa uitwao Extra Help. Kila jimbo lina washauri wa SHIP, mpango wa ushauri kuhusu Medicare, wanaoeleza haya bure na hawauzi bima, na kwa simu ya Medicare, 1-800-633-4227, unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Anayestaafu kabla ya miaka 65 hana Medicare bado, isipokuwa kwa ulemavu au magonjwa machache maalumu. Huyo ataziba pengo kwa COBRA au kwa soko la bima la healthcare.gov, akijiandikisha ndani ya siku 60 tangu bima ya kazini ilipokwisha.

Limebaki suala la kurudi nyumbani. Medicare hailipii matibabu nje ya Marekani ila katika hali chache sana, hivyo bili ya Aga Khan ya Nairobi au Muhimbili ni yako. Kwa safari fupi, baadhi ya mipango ya Medigap, kama G na N, hulipa asilimia 80 ya dharura inayotokea katika siku 60 za mwanzo za safari, baada ya wewe kulipa dola 250, kwa kikomo cha dola 50,000 maishani. Anayehamia moja kwa moja hubaki na Sehemu A isiyo na ada, lakini hawezi kubaki na Sehemu D wala Advantage, kwa sababu zote mbili hudai uishi katika eneo la mpango. Kuhusu Sehemu B ana uamuzi mgumu: aendelee kulipa ada kwa huduma asiyoitumia, au aiache kwa fomu CMS-1763, akijua kwamba akirudi kwa matibabu baada ya miaka 5 atasubiri kipindi cha Januari hadi Machi na kulipa nusu ya ada juu ya ada. Mwenye watoto Marekani na ugonjwa unaojulikana, kwa maoni yangu, aendelee kulipa. Mwenye kadi ya kijani apige hesabu nyingine pia, kwani kukaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha kurejea kunaweza kumpotezea ukaazi wenyewe, na hapo haki ya kujiandikisha upya nayo itakuwa mashakani.