Saa ya kabati ya kale ya Kiingereza: fungua mlango kwanza, uso utauangalia baadae

Ukipita kwenye mnada wowote wa vitu vya kale hapa Uingereza hukosi kuona zile saa ndefu zilizosimama ndani ya kabati lake, nyingi zinamzidi mtu kimo, ni futi sita mpaka nane hivi, pendulamu inacheza taratibu ndani na kengele iko juu. Bei zake zimeshuka sana ukilinganisha na miaka ya 1990 maana watu wa sasa nyumba zao ndogo na fanicha za mbao nyeusi hawazitaki tena, kwaiyo mtu wa kipato cha kawaida anaweza akawa na kitu kilichotengenezwa kwa mkono miaka 250 iliyopita na bado kinafanya kazi ileile. Mi nakaa Birmingham, ninazo mbili na kabati moja la droo, na nimeandika hii maana nilipoanza hakuna mtu aliyenielekeza kwa Kiswahili na yale niliyojifunza nimeyalipia hela.

Kwanza uelewe kwanini iko ndefu vile. Mholanzi Christiaan Huygens ndio alieleta saa ya pendulamu mwaka 1656, na 1658 familia ya mafundi saa ya Fromanteel ilikuwa inazitangaza London. Zile za mwanzo pendulamu ilikuwa fupi na inarusha upana mkubwa. Alafu kama mwaka 1670 kikaja kile kipande chenye umbo la nanga kinachoachia meno ya gurudumu moja moja, mrusho ukawa mdogo, na hapo ndipo ikawezekana kufunga pendulamu ya karibu sentimita 99.4 ambayo kila mrusho mmoja ni sekunde moja. Pendulamu ya mita moja inataka kabati, na yale mawe, yani vizito vinavyoning'inia na kuivuta mashine, yanataka nafasi ya kushuka, basi kabati refu likazaliwa. Ukishika hilo utaelewa mambo yote yanayofuata, yani mashine na mbao vilitengenezwa vikae pamoja, na kazi yako unapokagua ni kujua kama vimekaa pamoja toka mwanzo au vimekutanishwa jana.

Ukifika mbele ya saa tazama matundu usoni. Matundu mawili ya ufunguo maana yake ni saa ya siku nane, ina mawe mawili, la kulia mara nyingi linaendesha muda na la kushoto linapiga kengele. Uso usio na tundu ni saa ya masaa 30, ina jiwe moja kwenye mnyororo au kamba na unaivuta kila siku kwa mkono. Hizi za masaa 30 zilikuwa za watu wa mashamba na ni imara kweli, usizidharau. Ila kuna nyuso za masaa 30 ziliwekewa matundu ya uongo ili jirani aone ni ya siku nane, kwaiyo usiishie usoni, fungua mlango uhesabu mawe.

Umri nao unaupata kwenye uso. Nyuso za zamani ni za shaba ya njano, za mraba, na zile namba za Kirumi zimechongwa kwenye pete iliyopakwa fedha, kona kuna mapambo ya shaba kama vichwa vya malaika watoto. Kuanzia miaka ya 1720 hivi uso wenye upinde juu ya ule mraba unakuwa wa kawaida. Mwaka 1772 jamaa wawili wa hapahapa Birmingham, Osborne na Wilson, wakaanza kutangaza nyuso nyeupe za chuma zilizopakwa rangi, na ndani ya miaka michache nyuso za shaba zikaanza kupotea sokoni. Jina lililoandikwa usoni usilichukulie haraka, mara nyingi ni la fundi wa mji aliyenunua vipande vya tayari akavipanga na kuuza. Na ukikuta jina kubwa kama Thomas Tompion, yule fundi saa wa London aliyefariki 1713 na kuzikwa Westminster Abbey, kwa bei ya chini, basi ujue jina limeongezwa baadae, hilo jina limeandikwa kwenye saa zisizo zake toka enzi zake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Wafanyabiashara wa hapa saa ambayo mashine na kabati havikuzaliwa pamoja wanaiita ndoa, na ndoa ziko nyingi mno. Ya kwanza kabisa niliyonunua ilikuwa ndoa, nilipenda uso, una maua mazuri ya rangi, nikanyanyua mkono mnadani bila hata kufungua mlango, nyumbani ndio naona ubao unaokalia mashine una matundu sita wakati mashine inahitaji mawili tu. Naipenda mpaka leo, inalia vizuri, ila nililipa bei ya saa kamili. Kwaiyo fanya hivi, omba kutoa kofia, yani lile sanduku la juu lenye kioo, linavutwa mbele kama droo. Hapo utaona ubao wa kukalia mashine umelazwa juu ya mbao mbili za pembeni za kabati. Tazama kama ubao una rangi na vumbi la umri uleule wa kabati, au ni mweupe mpya. Tazama mbao za pembeni, kama zimeongezewa vipande juu ili kuinua mashine au zimekatwa ili kuishusha, hiyo ni mashine ngeni. Alafu rudisha kofia uangalie uso unavyokaa kwenye fremu yake, ukiona pengo pembeni au fremu inafunika sehemu ya mapambo, uso haukupimiwa kabati hilo. Kabati la asili uso unakaa kama kidole na pete.

Chini nako kuinamie. Saa nyingi zimesimama miaka mingi kwenye sakafu za mawe zenye unyevu, miguu ikaoza ikakatwa, nyingine zilikatwa kwa sababu dari la nyumba lilikuwa fupi, kwaiyo ukiona kile kisanduku cha chini kimekuwa kifupi kuliko mwili ulivyo jiulize. Mbao yenyewe kama imebunguliwa utaona vitundu vidogo, hivyo sio shida kama ni vya zamani, ila pitisha kidole, ukitoka na unga mweupe mpya wadudu bado wamo. Ndani mgongoni pa kabati tafuta mikwaruzo ambapo pendulamu na mawe vimegusa kwa miaka, mi hiyo mikwaruzo inanifurahisha kuliko mapambo ya mbele, na mashine iliyomo lazima ilingane nayo kwa urefu.

Mbao za kabati zinasema habari pia. London mwanzoni walipenda mjozi na mapambo ya vipande vya mbao za rangi tofauti, mikoani ni mwaloni, na katikati ya karne ya 18 mahogani ikatawala baada ya sheria ya 1721 kuondoa ushuru wa mbao za makoloni. Mahogani hiyo ilitoka Jamaica, Cuba na Honduras na waliokuwa wanaikata ni watumwa waliotolewa Afrika, na mi naona mtu anaenunua kitu hiki ajue kabisa.

Makabati ya mapambo yasiyo ya saa, yale ya droo na milango, kanuni ni ileile, ndani kwanza. Toa droo, ipindue. Kona za droo ya zamani zimeungwa kwa meno yaliyokatwa kwa mkono, hayalingani, mengine manene mengine membamba, ukikuta meno yote sawasawa hiyo ni mashine, karne ya 19 kuendelea. Chini ya droo panapoteleza lazima paliwe na kuchimbika. Angalia nyuma ya vishikio, kama kuna matundu ya ziada yaliyozibwa vishikio vimebadilishwa, jambo la kawaida lakini bei ishuke. Fungua skrubu moja ukiruhusiwa, za kabla ya katikati ya karne ya 19 hazina ncha kali na ule mstari wa kichwani mara nyingi hauko katikati. Vinia, yani ule ubao mwembamba wa urembo unaogundishwa juu ya mbao ya kabati, ya zamani ilikatwa kwa msumeno wa mkono ni nene, kama milimita moja na nusu au mbili, ya kisasa ni nyembamba kama karatasi ngumu. Kwenye makabati ya mwisho wa karne ya 17 utaona vinia ya matawi yaliyokatwa kama vipande vya ndizi, miduara miduara imepangwa mlango mzima, ukikutana nalo simama uliangalie hata kama hununui.

Kitu kimoja uwe makini nacho sana, pembe za ndovu. Makabati mengi yana maua au pindo za pembe, na hapa Uingereza sheria ya pembe ya 2018, iliyoanza kazi Juni 2022, inakataza kuuza mpaka kitu kiwe kimesajiliwa na kiwe kwenye msamaha, kwa mfano cha kabla ya 1947 chenye pembe chini ya asilimia 10. Usinunue bila kuona usajili. Na sisi hili linatuhusu, pembe nyingi za karne ya 19 zilizofika Bombay na London zilipitia Zanzibar, zimebebwa mabegani na wapagazi toka bara mpaka pwani.

Haya umenunua, unaipeleka nyumbani. Kabla haijasogea hata hatua moja toa pendulamu na mawe, maana juu ya pendulamu kuna kibati chembamba cha springi kinachoibeba yote na kinapinda kwa kugongwa kidogo tu, na mawe ni kilo 5 mpaka 6 kila moja, likidondoka linapasua sakafu ya kabati. Ukifika usiweke karibu na hita wala dirisha la jua, mbao inakauka na vinia inanyanyuka.

Simamisha kabati, weka pimamaji, chini tia vipande vya mbao mpaka litulie, alafu lifunge ukutani kwa skrubu kupitia ubao wa mgongo. Watu wengi hii ya kufunga ukutani wanairuka, alafu wanashangaa saa inasimama siku ileile kila wiki. Sababu ni kwamba mawe yakishuka yakafika usawa wa pendulamu, kama kabati linayumba hata kidogo, mawe nayo yanaanza kucheza na kunyonya nguvu ya pendulamu mpaka inalala. Funga kabati ukutani, ugonjwa unaisha.

Weka mashine na ubao wake, tundika pendulamu kwa kupitisha kile kibati juu taratibu, tundika mawe, kamba zikae kwenye mifereji yake. Sukuma pendulamu kidogo, sasa zima redio, nyamazisha watoto, sikiliza. Saa iliyokaa sawa inasema tik, tak, tik, tak kwa nafasi sawa. Ikisema tik-tak... tik-tak... kama mtu anaechechemea haitafika asubuhi. Nyuma ya mashine kuna kijiti cha chuma kinachoshika pendulamu kama uma, hicho ndio cha kurekebisha. Sogeza pendulamu kwa mkono taratibu kushoto mpaka iseme tik, alafu kulia mpaka iseme tak, ukiona kushoto inabidi uende mbali zaidi, kijiti kipinde kidogo kuelekea kulia, shikilia juu yake kwa vidole vya mkono mwingine usije ukaumiza mhimili, sikiliza tena. Mi mara ya kwanza ilinichukua jioni nzima, sasa hivi dakika tano.

Kama inawahi au inachelewa, chini ya pendulamu kuna nati. Kupandisha ni kuharakisha, kushusha ni kuchelewesha, na milimita moja tu ni karibu sekunde 43 kwa siku, kwaiyo zungusha robo, subiri siku nzima, ndio uguse tena.

Mshale wa dakika peleka mbele tu, na kila saa simama usubiri kengele zimalizike. Saa za zamani zaidi zinahesabu kwa gurudumu lenye mikato, ukiruka kengele moja itapiga tatu wakati mshale uko nne na lazima uirudishe mwenyewe. Zile za mfumo wa baadae zinajisahihisha, ila upande wa kengele usiuache bila kuujaza, mashine inaweza kukwama ikitoka 12 kwenda 1. Jaza pande zote mbili kwa ufunguo, ule wa muda na ule wa kengele, siku moja ya wiki, mlango wazi, ukiona jiwe linakaribia juu acha. Nyumbani kwangu ikipiga mara saba asubuhi mama anasema saa moja hiyo, watoto wamezaliwa huku wamejua kutoa sita vichwani kwa ajili ya hii saa.

Oili ni ya saa peke yake, tone dogo kwenye vitundu vya mihimili, meno ya magurudumu hayatiwi oili kabisa maana yanashika vumbi na kujisaga. Zile oili za kopo za kupuliza weka mbali. Uso wa rangi usiupitishie kitambaa cha maji, jina la fundi linaondoka palepale, na pete ya fedha usiisugue na dawa ya kung'arishia shaba. Mbao ipake nta ya nyuki mara moja mbili kwa mwaka, kidogo, kitambaa laini.

Na ukisafiri zaidi ya wiki, ishike pendulamu kwa kiganja mpaka itulie uache hivyo, ukirudi jaza mawe, subiri muda ufike pale mishale iliposimama, alafu isukume.