Somo: Kujitolea siku ya familia kwenye makao ya wavulana

Nimejitolea hapa Moshi miaka minne kwenye siku za familia, yaani siku ndugu wanapokuja kuwatembelea wavulana makaoni, zaidi jikoni. Naandika kwa ajili ya mnaotaka kuanza, maana mwaka wangu wa kwanza nilivuruga.

Hatua ya 1: Jitambulishe mapema. Makao ya watoto hupewa leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kumuuliza yapi yanayo. Kisha nenda kwa msimamizi na barua yako ya serikali ya mtaa. Wakikupokea bila hata kukuuliza wewe ni nani, mimi ningeondoka.

Hatua ya 2: Uliza nauli kabla ya zawadi. Bibi anayetoka milimani Same hupanda gari mbili kufika hapa, na kurudi ni vilevile. Wengi hawaji kwa sababu hiyo tu, halafu mtoto anadhani wamemsahau. Mpe mlezi wa makao hela ya nauli awatumie ndugu kwa simu wiki moja kabla, ya kwenda na kurudi. Usiwakabidhi mbele za watu.

Hatua ya 3: Jikoni. Wavulana wa miaka kumi na nne hawashibi kwa vipimo vya harusini. Kilo ya mchele hesabu watu watano. Sisi hupika pilau na ndizi za nyama, za aina ya mshare, na sufuria moja ya makande kwa ajili ya wageni wa Upareni. Ndizi zimenywe asubuhi hiyohiyo, na paka mafuta mikononi, utomvu hautoki kirahisi.

Chakula kikiiva, usigawe wewe. Waachie wavulana. Nimemwona mmoja akimnawisha mama yake: birika mkono wa kulia, beseni kwa kushoto, taulo begani kama mhudumu wa hoteli. Mama alinawa mpaka maji yakaisha, akaomba tena.

Hatua ya 4: Kaa mbali. Tandika mikeka chini ya miti, kila familia na nafasi yake, kisha toka. Hotuba za wafadhili zisizidi dakika tano (najua hamtanisikiliza). Picha usipige, familia ikitaka yake, ipige kwa simu yake.

Hatua ya 5: Wasiokuwa na mgeni. Hapa ndipo nilipovuruga. Tulikuwa tunaita majina kwa kipaza sauti kila mgeni akifika. Kijana mmoja alikaa karibu na geti, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inakata, anahesabu Noah zinazopita. Saa saba nikamfuata, nikamwambia, "Leo mimi ndiye mama yako." Akaniamkia kwa adabu, akasema, "Mama yangu yuko Same."

Siku hizi kipaza sauti hakipo. Tunamuuliza mlezi wiki mbili kabla nani hatarajii mtu, na kijana anaambiwa ukweli mapema. Siku yenyewe anakuwa na mtu anayemfahamu tayari: mwalimu wake, fundi anayemfundisha, au kaka aliyewahi kulelewa hapohapo. Mgeni wa siku moja usijitwike uzazi.

Hatua ya 6: Saa ya kuagana. Wajitoleaji wengi huwa wameshaondoka saa tisa. Baki. Magari yakiisha kuondoka wavulana huwa kimya au hugombana kwa jambo dogo. Toa mpira, washirikishe kuosha masufuria.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Majengo: Shikamoo mama. Naweza kuja na wanangu wadogo?
Marahaba mwanangu. Siku nyingine, ndiyo. Siku hii, hapana. Fikiria anayekaa getini akimwona wako amebebwa mgongoni.

Kikoba chetu, Himo: Tumechanga laki moja na nusu. Tununue mabegi?
Soma tena hatua ya 2, ndugu zangu.

Kaka wa Njiro, Arusha: Kijana akinieleza kwamba nyumbani anapigwa, na akaniomba nisiseme?
Usimwahidi siri. Msikilize, usimhoji, kisha mweleze mlezi siku hiyohiyo, kabla hajaruhusiwa kwenda likizo kwao. Ukiona hawachukui hatua, nenda kwa afisa ustawi, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, haikatwi salio.

Mama wa Pasua: Baba akija amelewa?
Si kazi yetu, ni ya mlezi. Mmoja alikuja hivyo, tukampa supu, akalala kwenye mkeka. Mwanawe alikaa pembeni yake anafukuza nzi. Hakuna aliyecheka.

Dada wa Majengo tena: Na yule wa Same, mama yake aliwahi kuja?
Mwaka ule hapana. Uliofuata alikuja mjomba, gari liliharibika njiani, akafika chakula kimeisha. Tukawakaangia mayai.