Mzinga wa kwanza Nyanda za Juu Kusini: kutoka Septemba hadi baridi ya Julai ipite

Anayeanza kufuga nyuki Makete, Njombe, Mufindi au Rungwe huambiwa mengi kuhusu kurina na bei ya asali, na machache mno kuhusu Juni, Julai na Agosti. Ndiyo miezi inayowaachia wengi mzinga mtupu. Baridi peke yake si muuaji mkubwa. Kundi lenye chakula hujikusanya bonge moja na kupasha joto kiini chake, majana (watoto wa nyuki walio kwenye masega) yakalelewa kwenye nyuzi 34 hadi 35 huku nje umande umeganda majanini. Kinacholiondoa kundi ni njaa, unyevu na upepo. Na nyuki wetu hasubiri kufa mzingani: akiona akiba inakwisha na maua hayapo, anahama. Ukifungua Agosti ukakuta masega makavu, hakuna asali, hakuna majana na hakuna lundo la nyuki waliokufa chini, ujue hao walihama kwa sababu hapakuwa na cha kuwafanya wabaki.

Kwa hiyo kujiandaa na baridi huanzia kwenye mbao unazochagua na mahali unapouweka mzinga, na huamuliwa siku ya kurina.

Mzinga wenyewe

Kwa anayeanza, chukua mzinga wa viunzi vya juu, yaani vipande vya mbao vinavyopangwa juu ya sanduku na nyuki hujenga sega chini ya kila kimoja. Mzinga wa fremu ni mzuri, lakini unadai karatasi za nta, waya za kuzishikilia na mashine ya kukamulia. Gharama hizo hazina sababu kabla hujajua kama nyuki watakaa. Mzinga wa gogo nao huwavutia nyuki vizuri, ila huwezi kuukagua wala kupima akiba yake bila kuvunja masega, na hapo ndipo baridi inapokushinda.

Kipimo kimoja usikubali kibadilishwe: upana wa kiunzi ni milimita 32. Nyuki wa Ulaya hupewa 35 kwa sababu ni mkubwa zaidi. Mafundi wengi hukata kwa makadirio. Viunzi vikiwa vipana au vyembamba, nyuki hujenga sega likavuka viunzi viwili au vitatu, na baada ya hapo kila ukifungua unararua majana. Nenda kwa fundi na kiunzi cha mfano mkononi. Mzinga wenye urefu wa ndani wa sentimeta 90 huchukua viunzi 28 vya milimita 32, navyo vinapaswa kugusana bila mwanya, viwe dari. Mwanya wa dari hupitisha joto la kundi usiku kucha.

Mbao iwe ya inchi moja, kavu kabisa. Paina ya Mafinga inafaa na inapatikana kirahisi, mradi haijatiwa dawa ya kuzuia wadudu; mbao yenye rangi ya kijani ya dawa waachie wajenzi. Mbao mbichi hupinda, maungio huachia, na mwezi wa sita upepo unaingia pande nne. Ukipaka rangi, paka nje tu, kisha acha mzinga wiki mbili hadi harufu iishe. Mlango uwe mwanya wa kimo cha milimita 8 na upana wa sentimeta 10 hadi 12. Kimo hicho humpitisha nyuki, hata dume, na humzuia panya pamoja na yule nondo mkubwa mwenye alama ya fuvu mgongoni anayeingia usiku kunywa asali.

Bati ni paa zuri la mvua na baya la baridi. Usiku hupoa haraka, mvuke unaotoka kwa nyuki hugeuka matone chini yake, na matone hurudi kwenye viunzi. Tandika gunia la mkonge au majani makavu yenye unene wa sentimeta 5 kati ya viunzi na bati, na bati litokeze sentimeta 5 au zaidi kila upande.

Mahali

Usiuweke mzinga bondeni. Vinyungu, yaani bustani za bondeni, vina maji na maua wakati wa kiangazi, kwa hiyo vinashawishi, lakini hewa baridi huteremka usiku na kutuama huko huko. Ndiyo maana umande unaoganda huonekana bondeni kwanza. Kileleni nako kuna upepo. Chagua katikati ya mteremko, nyuma ya miti au ua wa misaiprasi.

Mlango uelekee kaskazini mashariki. Pepo za Juni hadi Agosti huvuma kutoka kusini mashariki, na miezi hiyo jua hupita upande wa kaskazini. Mzinga ulioelekezwa hivyo huupa upepo ubavu na hupata jua mapema. Nyuki haruki vizuri kabla hewa haijafika nyuzi 12 hivi, na penye ukungu wa asubuhi saa moja ya jua zaidi ni chakula cha siku.

Kaa mbali na nyumba, njia na zizi, angalau mita 200. Maji yawe karibu; kama hakuna kijito, weka beseni lenye mawe ya nyuki kutua. Angalia pia kinachochanua. Msitu wa paina, hata ukienea hadi upeo wa macho kama Sao Hill kule Mufindi, hauna mbochi, yale maji matamu ya maua. Mikaratusi, miombo, migrevilea, alizeti, kahawa na parachichi vina faida. Kwenye parachichi na nyanya zungumza mapema na mwenye shamba: akipiga dawa jioni nyuki wakiwa wamerudi, hasara hupungua sana. Akipiga saa nne asubuhi wakati wa maua, utakuta rundo mbele ya mlango.

Tundika mzinga kwa waya kati ya miti miwili au nguzo, usawa wa kiuno. Waya upakwe grisi kwa kipande cha sentimeta 15 ili siafu wasipite, na majani yasiuguse mzinga, maana siafu hawahitaji daraja zaidi ya jani moja. Nyegere naye hushindwa kufanya kazi kwenye kitu kinachobembea.

Kuwapata nyuki

Tundika mwishoni mwa Agosti au Septemba, kabla maua ya miombo hayajakolea, ili kundi liwe na miezi ya kutosha kabla ya Juni. Yeyusha nta safi, imimine katikati ya kila kiunzi iwe mstari mwembamba ulionyooka. Mstari huo ndio unaowaonyesha nyuki pa kujenga. Ndani sugua nta na gundi ya nyuki (utomvu wanaozibia nyufa), na mchaichai uliopondwa kwenye mlango. Usiweke asali wala sukari kama chambo, utaita sisimizi.

Kagua kwa nje kila wiki mbili, toa buibui na mende. Nyuki wachache wanaoingia na kutoka ni wapelelezi. Wakibeba chavua miguuni, wamehamia. Hapo waache wiki nne. Kundi jipya likisumbuliwa kabla halijawa na majana halina kinachowafunga hapo.

Wiki ya tano fungua saa kumi na moja jioni, ukiwa na ovaroli, kofia ya wavu, glavu, gambuti na mtu wa pili. Bomba la moshi liwake kwa magunzi au majani makavu ya paina, moshi uwe mweupe na wa baridi. Moshi wa moto huunguza mabawa na kuwakasirisha. Toa kiunzi ukikishika wima. Ukikilaza ubavu, sega changa hukatika, kwa kuwa halina waya wa kulishika. Tafuta mambo mawili tu: masega yanafuata viunzi, na kuna mayai au majana. Sega lililopinda lirudishe kwa kidole lingali laini. Baada ya hapo mara moja kwa mwezi inatosha hadi Mei.

Kurina mwaka wa kwanza

Hapa ndipo baridi inaposhinda au kushindwa. Sega moja lililojaa kwenye mzinga wa viunzi lina kilo moja na nusu hadi mbili za asali. Kundi la mwaka wa kwanza likiingia Juni kwenye nyanda za baridi liachiwe masega sita yaliyozibwa, yaani kilo 9 hadi 12. Yakizidi sita, ya ziada ni yako. Yakiwa sita au pungufu, funika mzinga uende nyumbani, hata kama uliahidi watu asali. Iringa mjini au Mbarali, ambako baridi ni nyepesi, manne yanaweza kutosha.

Chukua masega ya pembeni, mbali na majana, yaliyozibwa kwa nta angalau robo tatu. Asali isiyozibwa ina maji mengi na huchacha. Kipimo cha kawaida cha sokoni ni maji yasiyozidi asilimia 20. Sega lenye chavua nyingi acha. Sukari yaweza kuziba pengo la asali, lakini haina protini, na majana ya Agosti hayaleleki bila chavua.

Maliza kurina kabla ya katikati ya Juni ili nyuki wapate siku za joto za kuziba nyufa.

Kuufunga mzinga kwa baridi

Kazi yote ni ya alasiri moja yenye jua. Sogeza ubao wa kugawa, ule unaotenga masega na nafasi tupu, hadi kwenye sega la mwisho, ili nyuki wasipashe joto chumba kitupu. Viunzi vyenye masega matupu toa, vihifadhi vikining'inia penye hewa na mwanga. Ukivirundika gizani nondo wa nta watavimaliza. Panga asali upande mmoja ikifuatana na majana. Ukiweka sega tupu kati ya majana na asali, usiku wa baridi kali kundi haliruki pengo hilo, nalo laweza kufa njaa huku asali iko upande wa pili.

Punguza mlango ubaki sentimeta 3 hadi 4. Usiuzibe wote, mvuke lazima utoke. Inamisha mzinga upande wa mlango kwa sentimeta 1 au 2 ili maji ya ndani yatoke yenyewe. Ongeza grisi kwenye waya, kwani vumbi la kiangazi huikausha. Kisha fyeka mzunguko wa mita 5 hadi udongo uonekane. Moto wa nyika huja miezi hii hii, na mizinga huungua hata pale mwenye moto alipokusudia kusafisha shamba lake tu.

Kuanzia hapo usifungue. Kufungua mara moja Julai kunatoa joto lililokusanywa na kuvunja gundi waliyozibia nyufa. Pima uzito badala yake. Kabla hujautundika mzinga ulipaswa kuupima mtupu na kuandika uzito chini ya paa. Sasa tumia mizani ya ndoano: inua ncha moja kidogo hadi waya ulegee, soma, fanya hivyo ncha ya pili, jumlisha. Toa uzito wa mzinga mtupu, kisha toa kilo 5 za nyuki, nta, majana na chavua. Kinachobaki ni asali, kwa kukadiria. Rudia kila wiki mbili. Ikishuka chini ya kilo 4 kabla ya Agosti kuisha, lisha.

Changanya kilo 2 za sukari nyeupe na lita 1 ya maji ya moto. Koroga, usiichemshe sukari, maana ikiungua huwadhuru. Sukari guru na sukari ya kahawia huwaharisha. Weka nusu lita ikiwa vuguvugu nyuma ya ubao wa kugawa, ulioinuliwa milimita 8 chini, kwenye sahani yenye vijiti vya kusimamia wasizame. Fanya jioni, uji wa sukari ukimwagika mchana huita nyuki wa jirani kupora. Ukungu ukikaa siku mfululizo, achana na uji: loanisha kilo moja ya sukari kwa vijiko vichache vya maji hadi ishikane, uiweke chini karibu na sega la mwisho. Usiwalishe asali ya dukani au ya mfugaji mwingine, yaweza kubeba ugonjwa wa majana.

Dalili za kundi linalojiandaa kuhama huonekana mlangoni. Saa sita mchana kuna jua, mizinga ya jirani inapokea chavua, wako hawaleti. Malkia ameacha kutaga, nao wanasubiri majana ya mwisho yatoke, jambo linaloweza kuchukua wiki tatu. Ndani ya wiki hizo bado una nafasi: lisha siku hiyo hiyo, tazama siafu na matone ya dari, na ondoa usumbufu wote. Kuufunga mlango kwa nguvu hakusaidii. Huwafanya wapate joto kupita kiasi na kukosa hewa.

Mwishoni mwa Agosti mchana ukishapata joto, fungua mara ya kwanza. Majana yakiwa kwenye masega matatu au zaidi, rudisha viunzi vitupu viwili viwili pembeni ya majana, si katikati, na panua mlango kidogo kidogo. Majana yakiwa kiganja kimoja tu na akiba ipo, waongezee nusu lita ya uji mwepesi, kilo moja kwa lita moja, kila baada ya siku tatu hadi chavua ianze kuingia kwa wingi. Masega yaliyoota kuvu au kuwa meusi na mazito yatoe sasa, kabla malkia hajatagia, uyayeyushe kwa nta ya kuwekea mzinga wa pili.