SOMO: mdadm au LVM? RAID mbili ndani ya kerneli moja ya Linux

Habari wakuu. Msimu wa korosho ukianza, vyama vya msingi vya Masasi na Newala hujaza mafaili ya mizani na malipo kila siku, na swali ni lile lile: diski ziko mbili, nizifunge RAID (data ile ile iandikwe kwenye zote mbili, moja ikifa nyingine ibaki) kwa mdadm au kwa LVM, mfumo wa Linux wa kugawa nafasi za diski?

Tuanzie ndani. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ina draiva ya zamani ya RAID iitwayo MD, na mdadm ndiyo programu ya kuiendesha. Kerneli ina pia device-mapper, sehemu inayounda diski za kufikirika juu ya diski halisi, iliyoingia na kerneli 2.6, na LVM ya leo imesimama juu yake. Mwaka 2011, kwenye kerneli 2.6.38, device-mapper ikaongezewa dm-raid. Hiyo haikuandika RAID upya, inatumia msimbo wa MD. Kwa hiyo akija mtu kukwambia ya LVM ni ya aina nyingine kabisa, mwache apite. Tofauti iko kwenye usimamizi: utatazama wapi, na utaandika amri gani, siku diski ikifa.

Mimi kwa ofisi yenye seva moja naweka MD chini, LVM juu.

Hatua ya 1. Andika `lsblk`, hakiki majina ya diski. Mara mbili. Yanayofuata yanafuta kilichomo.

Hatua ya 2.
`mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 /dev/sdb1 /dev/sdc1`
Kisha `cat /proc/mdstat`. Ukiona [UU], zote mbili ziko kazini. [U_] maana yake moja imeanguka. Mfundishe hata karani alama hizi mbili, kwa sababu fundi mara nyingi yuko Mtwara mjini na seva iko Tandahimba.

Hatua ya 3.
`pvcreate /dev/md0`
`vgcreate ofisi /dev/md0`
`lvcreate -L 200G -n korosho ofisi`
`mkfs.ext4 /dev/ofisi/korosho`
Usiongeze `--type raid1` (RAID ya LVM yenyewe) hapa. LVM itakataa, maana inaona diski moja tu, md0. Wapo wanaotengeneza md mbili ili ikubali. Hao wananunua diski nne kubeba data ya moja.

Hatua ya 4. Kwa Debian na Ubuntu:
`mdadm --detail --scan >> /etc/mdadm/mdadm.conf`
`update-initramfs -u`
Ukiiruka, usishangae md0 kuamka ikiitwa md127.

MASWALI

Mwanachama, Masasi: Shikamoo mwalimu. Nimekabidhiwa seva, /proc/mdstat haina kitu, ila fundi aliyetangulia anaapa RAID ipo.

Jibu: Marahaba. Huenda anasema kweli. RAID iliyoundwa kwa LVM haijitokezi kwenye mdstat, ingawa msimbo unaofanya kazi ni wa MD. Jaribu `lvs -a -o name,segtype,sync_percent,devices`. Ukikuta raid1 na majina yenye _rimage_0 na _rimage_1, ndiyo hiyo.

Mwanachama, Nachingwea: Mkuu, yangu ni ya LVM na diski moja imekufa. Nipige `mdadm --add`?

Jibu: Hapana kaka, mdadm haiitambui safu hiyo, yaani RAID iliyoundwa kwa LVM. Weka diski mpya, kisha `pvcreate` na `vgextend`, halafu `lvconvert --repair ofisi/korosho` ukibadili majina yawe yako. Ikimaliza kunakili, `vgreduce --removemissing ofisi` iondoe ile iliyokufa.

Mwanachama, Kilwa Masoko: Umeme ukikatika ghafla, md0 inalinganisha diski nzima upya, saa na saa. Kuna dawa?

Jibu: Safu yako haina bitimapu, yaani kumbukumbu ya maeneo yaliyokuwa yakiandikwa. Subiri kwanza ulinganishaji uliopo uishe, kisha `mdadm --grow --bitmap=internal /dev/md0`. Umeme ukikatika tena italinganisha maeneo hayo tu. Uandishi utapungua kasi kidogo, na kwa mafaili ya mizani hutauona upungufu huo.