Kupima HER2 ya damu na ELISA: angalia hizi kabla uamini namba

HER2 ni risepta inayokaa juu ya seli. Kwa saratani ya matiti zile seli zinazoitengeneza kwa wingi huwa zinaachilia ile sehemu yake ya nje inaingia kwa damu, na hiyo sehemu ndio tunaishika na ELISA, kipimo cha plati ya vishimo ambapo kingamwili (protini zinazoshika kitu kimoja maalum) zinaishika alafu mashine inasoma rangi. Lakini tuelewane mapema, hii ni ya utafiti na kufuatilia, mambo ya nani apewe trastuzumab, dawa inayoshika HER2, yanaamuliwa na tishu ya uvimbe: IHC (kupaka rangi kuona HER2 ni nyingi kiasi gani), na ikitoka 2+, yaani katikati, inaenda FISH (kuhesabu jeni ya HER2).

Karatasi kwanza. Bila kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali ya Kenya inayoruhusu utafiti, usiguse damu ya mtu.

Damu ikitolewa iache igande dakika 30 hadi 60, izungushe kwa sentrifyuji 1,000 hadi 2,000 g dakika 10, seramu uigawe kwa vitiub vidogo alafu freza ya -80, manake kuyeyusha na kugandisha kila saa kunaharibu protini. Kama kliniki iko mbali na maabara zungusha huko huko kliniki, utume seramu ikiwa kwa barafu na boda, usitume damu nzima saa kumi na moja jioni, Thika Road ya saa hiyo unaijua. Seramu ikifika nyekundu, chembe nyekundu za damu zimepasuka, iandike kwa daftari na kama unaweza omba ingine.

Sasa kingamwili, na hapa ndio kuna kazi. Uliza anayekuuzia kingamwili zake zinashika wapi kwa HER2. Trastuzumab inashika domeni (kipande) ya IV ya HER2, pertuzumab, dawa ingine ya HER2, domeni ya II. Mgonjwa akishadungwa, dawa imekalia hapo, na kama kingamwili ya plati yako inataka kiti hicho hicho basi HER2 iko lakini mashine haiioni, namba inashuka na wewe unafikiria ni matibabu yanafanya kazi. Jaribu hivi: chukua seramu ya mtu mzima wa afya, ongeza HER2 ya kiasi unachojua, gawa mara mbili, moja tia trastuzumab kiasi cha kufanana na kile cha damu ya mgonjwa. Zikitofautiana sana hiyo seti ya ELISA haifai kwa wagonjwa walio kwa dawa, hata kama ni bei poa.

Plati yenyewe ni kufuata maagizo tu. Kila sampuli vishimo viwili, na osha vizuri, ukimaliza igeuze uigonge kwa tishu ya jikoni mpaka isiache alama ya maji. TMB, ile dawa ya rangi, inageuka bluu, ukitia asidi inakua njano, toboa mapovu na sindano safi, soma 450 nm. Laptopu na mashine viwe kwa UPS, stima ikipotea hapo rangi haikungoji.

Alafu punguza ukali wa sampuli kadhaa 1:10, 1:20, 1:40, zidisha jibu kwa 10, 20, 40 urudishe, majibu yakae karibu karibu. Yakipanda kila ukipunguza, kuna kitu kwa seramu kinazuia kipimo.

Na ile 15 ng/ml utaona imeandikwa kila mahali kama mpaka wa HER2 ya kawaida kwa damu, ilitoka kwa kipimo kingine chenye kingamwili zake, usiihamishe tu kwa seti yako. Pima watu wazima wa hapa wasio na saratani, uweke mpaka wako.