Somo: Kununua vifaa vya windsafu vya mtumba kwa anayeanzia Ziwa Victoria

Vifaa vya windsafu, mchezo wa kuteleza majini juu ya ubao wenye tanga, vinatufikia Uganda vikiwa vimetumika, kwa njia mbili. Kuna vya wageni wa mashirika na balozi wanaomaliza mkataba Entebbe au Kampala, wakauza kila kitu kabla ya kupanda ndege, kuanzia friji hadi ubao. Na kuna vinavyopanda basi kutoka pwani ya Kenya. Hivi vya pili ndivyo vinavyowaponza wanaoanza, kwa sababu ubao unaofaa Diani wakati wa kusi, ule upepo wa kusini, haufai hapa.

Kule kusi ikishika inavuma kutwa, na wazoefu wanatumia mbao fupi zinazohitaji nguvu ya upepo ndipo zielee vizuri. Ziwa letu ni jingine. Jua likishaipasha nchi kavu, hewa ya ziwani inaanza kuingia ufukweni mchana, mara nyingi laini, na jua likizama inakata. Upepo wa hivyo unataka ubao mnene wenye pezi la kati, lile bapa linaloshushwa majini katikati ya ubao usisukumwe kombo. Kwa hiyo ukiona tangazo la bei ya kutupa, kabla hujauliza bei, uliza lita, yaani ujazo wa ubao.

Hatua ya 1: Lita za ubao

Lita moja ya maji ya ziwa inabeba takriban kilo moja. Chukua mtu wa kilo 75, tanga na mlingoti wake kilo 9, ubao wenyewe kilo 13. Jumla 97. Ukimweka kwenye ubao wa lita 97 anasimama huku maji yakimfika vifundoni, na kusimama kwenyewe ni kama hatasimama. Kanuni ninayoitumia ni uzito wako kujumlisha 100. Mtu wa kilo 75 atafute lita 175. Ukipata nyongeza ya 80 unaweza kuvumilia, ya 120 ni raha.

Upana nao uwe sentimita 75 kwenda juu. Zile mbao ndefu za miaka ya 1980, za mita 3.6 hivi, ni nyembamba kuliko hapo na zinayumba, lakini usizidharau. Zina pezi la kati, zinatembea hata upepo ukiwa wa kupeperusha leso tu, na wauzaji wengi wanaziona takataka. Mimi ningechukua mmoja wa hizo kabla ya ubao wa kisasa wa lita 110 wenye rangi za kupendeza.

Majina mawili ya kukumbuka ukiyaona kwenye tangazo. Bic Techno 293 una lita 205 na upana wa sentimita 79. Ndio uliotumika Olimpiki ya Vijana ya 2010. Mistral One Design una urefu wa mita 3.72, na ulikuwa ubao wa Olimpiki kuanzia 1996 hadi 2004. Huu wa pili ni mwepesi kuyumba ukiwa mgeni, lakini kwa upepo wetu utakaa nao miaka.

Lita huandikwa kwenye ubao, mara nyingi upande wa nyuma. Kama hazipo, mwombe muuzaji mshuke nao majini usimame juu. Anayeuza ubao mzima hana sababu ya kukataa.

Hatua ya 2: Kuukagua ubao

Hapa usiwe na haraka, na usiende usiku.

Anza kwa vidole gumba. Bonyeza sehemu ya juu yote pale miguu inaposimama, hasa karibu na mlingoti na nyuma. Ubao mzima ni mgumu kila mahali. Ukikuta mahali panabonyea na kurudi, ngozi ya juu imeachana na povu la ndani. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole, kama unavyogonga fenesi sokoni, ukisikiliza mahali sauti inapobadilika ghafla. Kipande cha ukubwa wa kiganja kinatengenezeka. Kikifika ukubwa wa sinia, achana nao.

Tazama pua. Anayejifunza akianguka mbele, mlingoti unaipiga pua, kwa hiyo kiraka pale ni cha kawaida. Cha kuuliza ni kama kilizibwa kwa epoksi na kitambaa cha faibaglasi au kilipakwa rangi tu. Pitisha ukucha kwenye mshono wa pembeni mzunguko mzima. Ukucha ukikwama, hapo maji yanaingia.

Maji ya ndani ndiyo ugonjwa mkubwa. Ukiweza pima uzito. Mizani ya magunia ya mwenye duka inatosha. Ubao ulioandikwa kilo 13 ukija na 17, umelewa. Halafu tafuta skrubu ndogo ya plastiki juu ya ubao, ya kutolea hewa. Ifungue, usimamishe ubao skrubu ikiwa chini, usubiri. Tone likitoka, bei imeshuka. Mkondo ukitoka, mjadala umekwisha.

Skrubu hiyo ina kazi nyingine ambayo watu wa huku hatuambiwi. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ubao uliofungwa Mombasa una hewa ya Mombasa, na unavyopanda juu hewa hiyo inatanuka na kusukuma ngozi kutoka ndani. Mwambie anayekutumia aifungue wakati wa safari. Wewe uifunge kabla ya kuingia majini, na hiyo usiisahau. Mbao nyingine mpya zina kifuniko kinachopumua chenyewe. Hizo ziache zilivyo.

Mbao za plastiki nzito ni habari nyingine. Hazipendezi, zinachosha kubeba, lakini zinastahimili kugongwa na mawe. Kwa shule au kikundi cha vijana, ndizo.

Hatua ya 3: Mapezi na guu la mlingoti

Pezi la kati lishuke na kupanda kwa mguu bila nyundo. Pezi la nyuma litoe, ulirudishe, na skrubu yake uione kwa macho. Vitundu vya mapezi vina maumbo tofauti, na pezi la umbo lisilo lako halitaingia hata ukilipiga tupa.

Guu la mlingoti, linaloushikiza kwenye ubao, lina kiungo cha mpira kinachopinda pande zote. Kipinde mpaka mwisho utazame mgongoni. Ukiona nyufa ndogo ndogo, kinakatika, na kitakatika ukiwa mbali. Hicho nunua kipya hata kama kila kitu kingine ni cha mtumba, na kila mara hakikisha kuna kikamba cha akiba kinachounganisha pande mbili.

Hatua ya 4: Tanga, mlingoti na bumu vijuane

Bumu ni ule upau unaoshika kwa mikono kuongoza tanga. Pesa nyingi zinapotea hapa. Mtu ananunua tanga kwa huyu, mlingoti kwa yule, akifika ufukweni havishikani.

Tandaza tanga chini usome maandishi ya pembe ya chini au ya kwenye mfuko wake. Utakuta kitu kama hiki: 5.5, Luff 430, Boom 180, Mast 400. Maana yake tanga ni mita za mraba 5.5, upande wake wa mlingoti unahitaji sentimita 430, bumu irefuke hadi 180, na mlingoti unaopendekezwa ni wa 400. Zile 30 zinazopungua zinatoka kwenye kirefusho kinachochomekwa chini ya mlingoti. Sasa geukia mlingoti, nao umeandikwa urefu chini. Halafu pima unene. Ipo minene ya kipenyo cha ndani milimita 48 na myembamba ya 32, na kirefusho cha mmoja hakiingii kwa mwingine. Bumu ya mlingoti mnene inaweza kushika mwembamba ukiweka kipande cha plastiki cha kujazia, kwa hiyo uliza kama kipo.

Mlingoti ni wa vipande viwili. Mwambie muuzaji auchomoe mbele yako. Uliokwama kwa mchanga na chumvi za pwani unaweza usiachane kamwe, na basi halitakupakilia nguzo ya mita nne. Angalia pia pale bumu inapobana. Mkwaruzo si kitu, ufa ni kitu.

Kwa ukubwa, mtu wa kilo 75 aanze na tanga la 5.0 hadi 5.5. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya baharini kwa kama asilimia 10, kwa hiyo kazi ya tanga la 5.0 Mombasa hapa inataka la 5.5. Wa kilo 55, 4.5 inatosha.

Hatua ya 5: Hali ya tanga

Plastiki inayong'aa ya tanga inaliwa na jua, na jua la ikweta halina huruma. Likunje kidogo kwenye kona. Likilia kama karatasi kavu na kuacha mstari mweupe, litapasuka siku utakayoliangukia. Tanga la kitambaa mafundi wa kushona maturubai wanaliweza kabisa. La plastiki linazibwa kwa utepe wa gundi tu, na utepe ni wa muda.

Hatua ya 6: Bei

Kwa seti kamili inayoshikana, nzima, mimi nisingepita shilingi za Uganda milioni moja na nusu, na jaketi la kuokolea liwe ndani au bei ishuke. Ikivuka mpaka wa Busia au Malaba, isafiri na maandishi ya mauziano yenye bei na sahihi, kwa sababu pasipo karatasi afisa wa forodha atakadiria mwenyewe.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Jinja:* Ssebo, nimepata ubao wa lita 95 na matanga matatu, bei ni nusu ya uliyoitaja. Nina kilo 82. Si naweza kujifunza polepole?

Hapana ssebo. Wewe peke yako na tanga mnazidi 90 kabla ubao haujajihesabu. Utajifunza kuanguka tu. Tuma ukubwa wa hayo matanga.

*Kutoka Entebbe:* Vipi zile mbao za kujaza hewa, za kusimama na kasia, zenye tundu la mlingoti?

Kwa kuanza ni nzuri, na zinaingia kwenye buti la gari. Tundu liwe na nyuzi za chuma za M8, yaani za skrubu ya milimita 8, na kuwe na pezi la kati, la sivyo upepo ukiwa ubavuni utakusukuma kombo tu. Jaza hewa mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye vali, ulale, uangalie asubuhi.

*Kutoka Bukakata:* Huku magugu maji yanaziba. Si yatanasa kwenye pezi?

Yatanasa. Tafuta pezi la nyuma lililolala sana kuelekea nyuma, magugu yanateleza juu yake. Ukiyaona mbele, pandisha pezi la kati. Tazama pia nyavu za wavuvi. Uliza mwaloni zimetegwa wapi kabla hujaingia.

*Kutoka Kampala:* Mwanangu ana miaka 11, kilo 34. Nimnunulie ubao wa mtoto?

Nnyabo, ubao usibadilishe, huo mkubwa wa mtu mzima utamfaa na hata mkae wawili. Mbadilishie tanga: mita 2.5 hadi 3, na mlingoti na bumu nyembamba mkono wake uzishike. Tanga kubwa ndilo linalowafukuza watoto.

*Kutoka Entebbe:* Naogopa kichocho. Na saa ngapi ni salama?

Kichocho kipo kweli. Konokono wanaokibeba hukaa penye majani na maji tulivu ya kingoni, kwa hiyo ingilia mahali pa wazi, usikae ukining'iniza miguu kwenye matete, na kapime kituo cha afya wiki kadhaa baada ya kuanza kuingia majini, dawa ipo. Saa: mchana, upepo unapotoka ziwani, maana hata ukishindwa unarudishwa ufukweni. Asubuhi na mapema mara nyingi unatoka nchi kavu kukupeleka ziwani. Wingu jeusi likianza kuinuka, toka majini mara moja. Likikukuta ndani, lala juu ya ubao, usiuache hata kama unaona nchi iko karibu.

*Kutoka Jinja tena:* Matanga ni 4.2, 5.3 na 6.5. Nimeomba afungue ile skrubu amekataa, anasema itaharibika. Lakini ameshusha bei tena.

Ubao abaki nao. Mwambie unataka tanga la 5.3 tu, na mlingoti, bumu na kirefusho chake. Kabla hujatoa hela piga picha maandishi ya pembe ya tanga na yale ya chini ya mlingoti, uyatume hapa tuyasome. Ubao tutautafuta.